Adui Mwenye Uso wa Jirani

Katika likizo moja ya mwaka 2023 mjukuu wangu, kijana wa kidato cha tatu, alikuja kukaa nami. Jioni moja alikuwa akitazama kwenye kompyuta yake tamthilia ya Kimarekani iitwayo Secret Invasion. Alisimamisha picha, akaniuliza, “Babu, katika hawa wote waliokaa hapa, yupi si mtu?” Nilivaa miwani, nikawatazama mmoja mmoja, nikashindwa. Akacheka, akasema, “Hata wao wenyewe hawajuani, Babu. Hiyo ndiyo hadithi yenyewe.”

Maneno hayo yalinikaa moyoni kwa muda mrefu kuliko kijana yule alivyokusudia. Ninayo sababu yangu, nami nitaieleza kabla sijaiweka kalamu chini. Kwanza sina budi kukiri jambo moja. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha darasani, nimekuwa mkuu wa shule ya bweni, na miaka yangu ya mwisho kazini niliongoza chuo cha ualimu. Katika muda huo wote niliwanyang’anya wanafunzi vitabu vya katuni visivyo na idadi. Nilivifungia kabatini, na sikupata kufungua hata kimoja. Niliamini kwamba vinaharibu vijana, nami sikuona haja ya kuhakikisha. Nimeanza kuvisoma uzeeni, baada ya swali la mjukuu wangu, na humo nimekuta historia ya hofu ya taifa zima.

Wahenga wetu walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Wamarekani wana hofu hiyo hiyo, ila wao waliivika mavazi ya viumbe watokao sayari nyingine. Viumbe hao wana uwezo wa kujigeuza wakawa na sura ya mtu yeyote: mke, waziri, daktari, rafiki. Hawaji na majeshi. Huja mmoja mmoja, wakachukua nafasi za watu, wakangoja.

Tukitafuta chanzo cha habari hizi, mwaka 1938 ni mahali pazuri pa kuanzia. Mwaka huo yalitokea mambo matatu nchini Marekani. La kwanza, katika toleo la Juni la kitabu cha katuni kiitwacho Action Comics, alizaliwa Superman, kazi ya vijana wawili, Jerry Siegel na Joe Shuster, watoto wa Wayahudi wahamiaji. Watu husahau kwamba Superman naye ni mgeni kutoka sayari nyingine, anayeishi mjini kwa jina la kibinadamu na kufanya kazi ya uandishi wa habari. La pili, John W. Campbell alichapisha gazetini hadithi iitwayo Who Goes There?, kwa jina la bandia. Ndani yake watafiti katika barafu ya ncha ya kusini wanafukua kiumbe awezaye kuwa mnyama yeyote na mtu yeyote, hata ikawabidi kupima damu ya kila mwenzao kwa chuma cha moto. La tatu, Bunge la nchi hiyo liliunda kamati ya kuchunguza watu wenye shughuli zilizo kinyume na Umarekani.

Sisemi kwamba mambo hayo matatu yalizaana. Nasema yalikulia nyumba moja. Mgeni mwema aliyejificha, mgeni mbaya aliyejificha, na kamati ya kuwatafuta waliojificha, vyote ni vya mwaka mmoja.

Baada ya Vita Kuu ya Pili hofu ile ilipata chakula cha kutosha. Tuseme kweli: wapelelezi walikuwepo. Mwanafizikia Klaus Fuchs, aliyeshiriki katika kazi ya kutengeneza bomu la atomiki, alikiri mwaka 1950 kwamba aliwapa Warusi siri zake. Lakini mwezi wa Februari mwaka huo huo Seneta Joseph McCarthy alisimama katika mji wa Wheeling, West Virginia, akadai kwamba anayo orodha ya Wakomunisti waliomo ndani ya wizara ya mambo ya nje. Idadi aliyoitaja ilibadilika kutoka hotuba moja hadi nyingine. Hata hivyo watu walifukuzwa kazi, marafiki walitajana, na waandishi wa sinema walifungwa kwa kukataa kujibu maswali ya kamati ile niliyoitaja. Tarehe 2 Desemba 1954 Baraza la Seneti lilimlaani McCarthy kwa kura 67 dhidi ya 22. Kwa wengi msaada huo ulichelewa.

Mwaka 1956 ilitoka sinema iitwayo Invasion of the Body Snatchers, kutokana na hadithi ya Jack Finney. Watu wa mji mdogo wa California wanabadilishwa usingizini na viumbe waliokua ndani ya maganda makubwa ya mbegu, na kinachobaki ni mtu mwenye sura ile ile asiye na upendo wala hasira. Wapo walioiona kuwa onyo juu ya Ukomunisti, na wapo walioiona kuwa onyo juu ya akina McCarthy. Nadhani wote walikuwa sahihi, kwa sababu hofu ya namna hii haina upande.

Vitabu vya katuni navyo havikupona. Mwaka 1954 daktari wa akili, Fredric Wertham, alichapisha kitabu cha kuvishutumu kwamba vinawapotosha watoto, na kamati ya Seneti ikakaa New York kuvijadili. Wachapishaji, kwa kuogopa sheria, wakajitungia kanuni kali na kujikagua wenyewe. Nilipoyasoma hayo nilijiona mimi na kabati langu. Kumbe kabla katuni hazijasimulia habari za adui aingiaye nyumbani kwa siri, zenyewe zilikwisha kushutumiwa kuwa ndizo adui huyo.

Sasa nije kwa viumbe wa tamthilia ya mjukuu wangu. Wanaitwa Waskrull. Rangi yao ni ya kijani, masikio yao yamechongoka, na videvu vyao vina mikunjo. Walitokea mara ya kwanza katika toleo la pili la Fantastic Four, lenye tarehe ya Januari 1962, mtunzi akiwa Stan Lee na mchoraji Jack Kirby. Waskrull wanne wanajigeuza wakawa na sura za mashujaa wanne wa kitabu hicho. Mmoja anaangusha mtambo wa baharini, mwingine anaiba kito, wa tatu anayeyusha sanamu, wa nne anazima umeme wa mji. Mashujaa wa kweli, ambao hawakutenda lolote, wanaamka wakisakwa na polisi na jeshi. Hawana namna ya kujitetea, maana kila shahidi ameziona sura zao kwa macho yake mwenyewe.

Mwisho wake ni wa kuchekesha. Kiongozi wa mashujaa anajifanya Mskrull, anapanda chombo chao, anamwonyesha jemadari wao picha za mazimwi zilizokatwa kutoka vitabu vya katuni, na kumwambia kwamba hayo ndiyo majeshi ya dunia. Jemadari anaogopa, anakimbia. Waskrull waliobaki wanaambiwa wajigeuze ng’ombe, kisha wanatiwa usingizi wa akili wasahau kuwa waliwahi kuwa kitu kingine. Kitabu kinafungwa wakiwa wanakula majani malishoni.

Walakini kuna jambo ambalo halimo katika hadithi, nami kama mwalimu wa historia naliona kubwa. Stan Lee alizaliwa mwaka 1922 akiitwa Stanley Lieber, mtoto wa Wayahudi waliohamia kutoka Romania. Jack Kirby alizaliwa mwaka 1917 akiitwa Jacob Kurtzberg, wazazi wake wakiwa Wayahudi waliotoka Austria. Kila mmoja alijitwalia jina lenye mlio wa Kimarekani, na kwa jina hilo akajulikana ulimwenguni. Watu hao wawili walijua maana ya kuishi mjini kwa jina ambalo si lile ulilopewa na mama. Nao ndio waliotupa mgeni wa kutisha aliyejificha kati yetu. Sijui kama waliwahi kulifikiria hilo, lakini mimi nimelifikiria.

Wala mgeni aliyejificha hakuwa mwovu kila mara. Katika Detective Comics ya Novemba 1955 aliletwa J’onn J’onzz, mtu wa sayari ya Mars. Mashine ya mwanasayansi mmoja ilimvuta hadi duniani bila yeye kutaka. Hakuwa na njia ya kurudi kwao. Basi alijigeuza mzungu wa kawaida, akajiita John Jones, akaomba kazi ya upelelezi katika polisi, akaifanya kwa uaminifu. Uwezo wake ni ule ule wa Waskrull. Kilichotofautiana ni nia yake, na nia haionekani usoni.

Waskrull walirudi kwa kishindo mwaka 1971, katika matoleo ya Avengers yaliyotungwa na Roy Thomas kuhusu vita kati yao na jamii nyingine ya angani iitwayo Kree. Anatokea mwanasiasa mmoja, H. Warren Craddock, anayeunda kamisheni ya kuwatafuta wageni waliojificha. Anahutubia, anachochea, anawafanya wananchi wawachukie hata mashujaa wao. Msomaji wa wakati huo hakuhitaji kuambiwa kwamba ni McCarthy amefufuka. Mwishowe, mwaka 1972, inafichuka kwamba Craddock yule ni Mskrull, wa nne kati ya wale wa mwaka 1962, na umati aliouchochea unamgeukia yeye. Hapo Thomas alisema jambo ambalo mimi ningependa lifundishwe vyuoni: nafasi bora ya kujificha kwa adui ni kwenye kiti cha mwenye kumsaka adui.

Hata wale ng’ombe hawakuachwa malishoni. Mwaka 1983 John Byrne alisimulia kwamba watu wa mji mmoja mdogo walikunywa maziwa yao, wakaanza kubadilika. Mwaka 1995 Grant Morrison na Mark Millar, watunzi wa Uskoti, walikwenda mbali zaidi: ng’ombe wale walichinjwa, nyama yao ikaliwa, na walaji wakapata maradhi. Miaka hiyo Uingereza ilikuwa ikihangaishwa na ugonjwa wa wazimu wa ng’ombe. Naam, hofu ikikosa adui wa siasa, hukaa hata sahanini.

Morrison huyo huyo, mwaka 1997, alitunga katika JLA hadithi ya wageni wanaokuja mchana kweupe wakijiita wakombozi. Wanaifanya Sahara kuwa bustani, na dunia nzima inawashangilia. Kumbe ni watu wa Mars waliojigeuza, na shabaha yao ni kututawala. Huo nao ni ujanja wa zamani, na sisi tuliotawaliwa hatuhitaji kuelezwa. Mgeni aliyekuja na zawadi tumemwona.

Kisha ikafika Septemba 11, 2001, na Marekani ikaingia tena katika hali ya kutazamana. Waislamu na watu wenye asili ya Kiarabu, wakiwamo waliozaliwa huko huko, walishukiwa kwa majina na mavazi yao. Katika hali hiyo mtunzi Brian Michael Bendis na mchoraji Leinil Francis Yu walitoa, mwaka 2008, Secret Invasion, hadithi ya matoleo manane ambayo tamthilia ya mjukuu wangu ilichukua jina lake. Waskrull wamepoteza sayari yao kuu. Ilikuwa imeliwa katika hadithi ya mwaka 1983. Wanaamini kwamba dunia yetu wameahidiwa katika maandiko yao. Malkia wao amekwisha kuchukua umbo la shujaa mmoja wa kike, akaketi katika mikutano ya mashujaa, akala nao. Ikifichuka kwamba mmoja alikuwa bandia, wenzake hawajui tena nani wa kumgeukia. Wanagawanyika, wanashutumiana, wanapigana wao kwa wao. Malkia hakulazimika kufanya mengi zaidi.

Tazama sasa jinsi inavyomalizika. Waskrull wanashindwa. Risasi inayomwua malkia inapigwa na Norman Osborn, mhalifu wa miaka mingi. Kwa kuwa picha yake ilionekana na watu wote, serikali inamkabidhi yeye ulinzi wa taifa. Adui wa nje ameondoka, na jambazi amepewa funguo.

Mwaka 2019 sinema ya Captain Marvel iliigeuza habari yote. Humo Waskrull ni wakimbizi, wanawake na watoto waliojificha wasiuawe. Lakini tamthilia ya 2023, niliyoitazama na mjukuu wangu hadi sehemu ya sita na ya mwisho, inakwisha rais wa Marekani akiwatangaza wageni wote wa kutoka nje ya dunia kuwa maadui, na raia wakaanza kuua waliowashuku. Nilizima kompyuta mwenyewe siku ile. Kijana aliniuliza kama naumwa.

Sababu yangu ni hii. Miaka ya themanini, nikiwa mkuu wa shule, tuliletewa mwalimu wa hisabati katikati ya muhula. Alihamishwa kutoka mkoa wa mbali, na barua yake haikueleza kwa nini. Alikuwa mpole, hanywi, hapigi soga, na alikuwa na kijitabu kidogo mfukoni ambacho hakuacha kuandika ndani yake. Haikupita miezi miwili kabla sijaletewa, chini ya mlango wa ofisi, karatasi isiyo na jina: mwalimu huyu ametumwa kutuchunguza. Zilikuwa nyakati za sukari kwa foleni, na kila mtu alikuwa na neno alilosema ambalo hakutaka lifike mbali.

Sikumwuliza. Ningemwuliza nini? Akisema siye, ndivyo ambavyo angesema hata kama ndiye. Basi nilichagua njia niliyoiita ya busara. Niliacha kumwita katika vikao vidogo. Alipoingia chumba cha walimu, mazungumzo yaligeuka yakawa ya mvua na mpira. Walimu walimwona mkuu wao anavyofanya, nao wakafanya zaidi. Alikunywa chai peke yake mwaka mmoja na nusu, kisha akaomba uhamisho, nami nikatia sahihi siku hiyo hiyo.

Alipoondoka, mhudumu aliniletea kile kijitabu, kimesahauliwa kwenye droo. Nilikifungua nikiwa nimefunga mlango. Kila ukurasa ulikuwa na jina la mwanafunzi, na chini yake hatua anayokosea: huyu hajui kubadili alama akivusha upande, huyu anajumlisha sehemu bila kulinganisha asili, huyu anaelewa ila anaogopa kunyosha mkono. Yalikuwa majina ya wanafunzi mia moja na zaidi. Katika miaka yangu yote ya ukaguzi sijapata kuona kazi ya ualimu iliyo safi kama ile.

Nilimpelekea kijitabu chake kwa posta, pamoja na barua ambayo niliiandika mara nne na ambayo haikuwa na neno “samahani” mahali ilipotakiwa. Hakujibu. Miaka mingi baadaye tulikutana katika kusahihisha mitihani. Aliniamkia, “Shikamoo, Mkuu.” Nikaitikia, “Marahaba, Mwalimu.” Akachukua sahani yake akaenda kuketi meza nyingine. Sikumlaumu. Mimi ndiye niliyemfundisha kula peke yake.

Sasa naweza kusema nilichojifunza katika vitabu vile nilivyovifungia kabatini. Kwa miaka zaidi ya sitini Waskrull wamekuja duniani kwa kila hila, na hawajapata kuishinda dunia. Lakini kila walipokuja, wasio na hatia walisakwa, marafiki walitengana, na akina Craddock na Osborn walipanda cheo. Yule asiyejulikana hufanya kazi ndogo tu. Kazi kubwa tunamalizia sisi.

Sisemi kwamba watu wasijilinde. Methali ya wahenga ni ya kweli, na chawa yumo nguoni. Lakini mwenye busara hukagua nguo yake mwenyewe, akaifua, akavaa. Wahenga hawakutuagiza tumvue jirani. Mimi nilimvua mtu mbele ya wenzake kwa karatasi isiyo na jina, na aliyeiandika, ambaye sikumjua hata leo, huenda alikuwa akinywa chai nami kila siku.

Likizo ilipokwisha nilimsindikiza mjukuu wangu hadi kituo cha basi. Nilimwambia kwamba swali lake nimelipatia jibu. “Yupi si mtu, Babu?” Nikamwambia kwamba kwa kuwatazama usoni hatajua kamwe, basi na aketi nao, awaulize habari zao, asikilize. Alicheka, akasema kwa njia hiyo tamthilia isingefika sehemu ya pili. Nikamwambia ndiyo, na ingekuwa heri.